Nikiandika "Kilwa" kwenye maktaba za Ulaya sipati kitu: hati za Zama za Kati zinatafutwaje?

#1 Mwalimu wa Uyole

Wakuu, salaam. Ninafundisha Historia kidato cha tano hapa Mbeya, na kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumatatu. Nilikuwa nikieleza habari za pwani yetu kabla ya kuja kwa Wareno. Nikamtaja yule baharia wa Kigiriki aliyeandika habari za Rhapta, soko la kale la pwani yetu, nikamtaja Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331, kisha nikayataja masimulizi ya masultani wa Kilwa. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, hizo karatasi zenyewe ziko wapi, na sisi tunaweza kuziona?" Nikamjibu kwamba ziko katika maktaba za Ulaya, kwamba siku hizi maktaba hizo zimezipiga picha na kuziweka mtandaoni, na kwamba Ijumaa ya wiki ijayo nitamwonyesha.

Usiku tatu mfululizo, watoto wangu wakishalala, nimekaa jikoni nimejifunika blanketi nikimaliza bando. Nimeandika "Kilwa", "Rhapta" na "Zanj" (jina la kale la Waarabu kwa pwani hii) katika tovuti za maktaba nne. Nilichopata ni ramani za enzi za Wajerumani, picha za magofu na vitabu vilivyochapwa juzijuzi. Hata hivyo, ukurasa wa mbele wa tovuti hizo hizo umejaa Biblia zilizopambwa kwa dhahabu, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa hadi jalada. Nimeanza kuamini kwamba wenzetu huweka hadharani vya kwao, na vinavyotuhusu sisi wanaviacha gizani. Anayejua zaidi anisahihishe, maana Ijumaa ya ahadi haiko mbali.

#2 Mkutubi Mstaafu

Kamwene, Mwalimu. Nimefanya kazi ya ukutubi kwa miaka 31, sehemu kubwa hapa Iringa, na nakuomba uondoe kwanza dhana ya kufichwa. Unauliza swali ambalo katalogi haina uwezo wa kulijibu. Katalogi ya hati za mkono haijui kilichoandikwa ndani ya kitabu. Inajua tu maneno ambayo mkutubi fulani, pengine wa miaka 150 iliyopita, aliyaandika kuhusu kitabu hicho. Mkutubi huyo aliona kitabu cha ngozi chenye maandishi ya waandishi wengi wa Kigiriki, akaorodhesha majina ya waandishi na vichwa vya maandishi, akafunga kazi. Neno Rhapta limo ndani ya sentensi moja, katikati ya ukurasa, nalo halikumhusu kabisa.

Kwa hiyo hati ya mkono haitafutwi kwa neno, inatafutwa kwa namba yake ya rafu. Habari za Rhapta zimo katika kitabu cha karne ya 10 kilichoko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, na namba yake ni Cod. Pal. graec. 398. Iandike hivyo hivyo pamoja na nukta zake. Maandishi unayoyataka yanaanzia karatasi ya 40, uso wa nyuma, na kuishia karatasi ya 54. Kumbuka kwamba katika hati hizi wanahesabu karatasi na si kurasa, na kila karatasi ina uso wa mbele na uso wa nyuma, yaani r na v.

Namba hizi huonekana ngeni, lakini kila moja ina kisa chake. Hiyo "Pal." ni maktaba ya watawala wa Palatinate waliokaa Heidelberg. Mwaka 1623 maktaba yao ilibebwa Roma kama nyara za vita. Kitabu chetu kilikaa Roma, mwaka 1797 kikachukuliwa Paris, na mwaka 1816 kikarudi Heidelberg. Mahali pengine utaona namba kama Cotton Nero D IV. Sir Robert Cotton wa Uingereza aliweka sanamu za watawala wa Roma juu ya makabati yake, kwa hiyo namba hiyo maana yake ni kabati lenye sanamu ya Nero, rafu ya D, kitabu cha nne. Kabati halipo tena, jina limebaki.

#3 Mto Lukosi

Nakubaliana na Mzee hapo juu kuhusu namba, lakini sikubali kwamba suala lote ni namba. Hata ungekuwa na namba zote duniani, hati nyingi bado hazijapigwa picha. Maktaba ya Vatican peke yake ina hati za mkono zipatazo 80,000, nayo imekuwa ikizipiga picha kwa miaka mingi sasa na kazi haijaisha. Kila kitabu hulazwa kwenye kitanda chake ili uti wake usivunjike, mtu akigeuza karatasi moja moja kwa mkono. Kazi hiyo ina gharama, na mfadhili huchagua anachokipenda, na mara nyingi anachokipenda kina dhahabu na picha za malaika. Mwalimu hakukosea sana aliposema kuna vinavyotangulizwa.

#4 Binti Makete

Tusisahau pia kwamba British Library ya London ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao Oktoba 2023. Hati zao zilizokuwa mtandaoni zilitoweka zote kwa siku moja, na zimekuwa zikirudishwa kidogo kidogo. Nilikuwa katikati ya kuandika tasnifu yangu. Viungo vyote nilivyokuwa nimevihifadhi vilifunguka kurasa tupu. Kwa hiyo ukiona kitabu au makala ya kabla ya hapo inakupa anwani ya picha, na anwani hiyo haifunguki, usidhani umekosea kuandika.

#5 Mwalimu wa Uyole

Ahsanteni sana. Mzee Mkutubi, shikamoo. Nimeandika namba uliyonipa na kitabu kimefunguka! Nimekaa nikikitazama nusu saa nzima bila kusoma hata neno moja, kwa sababu sijui Kigiriki. Ninaona mwandiko mdogo uliobanana na maneno mafupi pembeni. Je, nitawaonyeshaje wanafunzi mahali palipoandikwa Rhapta? Na vipi kuhusu Kilwa? Nilitaka hasa hati ya Zama za Kati ya masultani wa Kilwa, ile iliyoko London.

#6 Mzaliwa wa Kilwa, mkazi wa Makambako

Mwalimu, hapo pa Kilwa ruhusa nikurekebishe, kwa kuwa ni nyumbani. Hati ya Kiarabu iliyoko London, namba Or. 2666, inaitwa Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa. Maneno yake yalitungwa karne ya 16, lakini karatasi zenyewe ni nakala iliyoandikwa Unguja karne ya 19, nayo ilifika London kupitia Sir John Kirk. Si hati ya Zama za Kati, ingawa inasimulia habari za Zama za Kati. Maandishi yake ya Kiarabu yalichapwa na Arthur Strong mwaka 1895 katika jarida la Royal Asiatic Society, na toleo hilo la kuchapwa ndilo rahisi kulisoma mtandaoni. Simulizi nyingine ya masultani hao, kwa Kireno, imo katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa 1552.

Tazama pia tahajia. Hapo imeandikwa Kulwa, na wewe ulitafuta Kilwa. Kompyuta haina habari kwamba ni mji mmoja.

#7 Fundi wa Mwanjelwa

Hapo ndipo ninapoungana na mchangiaji wa #6 na kutofautiana kidogo na Mzee wa kadi za katalogi. Mimi kazi yangu ni kompyuta, na kwa maoni yangu tatizo la kwanza ni tahajia. Ibn Battuta ameandikwa kwa herufi zenye nukta chini yake, ameandikwa Ibn Batoutah na Wafaransa waliochapa safari zake kati ya 1853 na 1858, na kwa Kiarabu ameandikwa ابن بطوطة. Ukiandika moja unakosa mbili. Ukifika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, tumia tahajia ya Kifaransa au nakili jina la Kiarabu ulibandike. Hati yake ni Arabe 2291, iko kwenye Gallica, ambayo ni maktaba yao ya kidijitali tangu 1997, nayo inafunguka vizuri hata kwa simu.

Jambo la pili, Wafaransa wana milango miwili. Maelezo ya hati yamo kwenye katalogi inayoitwa Archives et manuscrits, na picha zimo Gallica. Wengi hutafuta mlango mmoja wakakata tamaa.

Jambo la tatu ni bando. Usipakue kitabu kizima. Maktaba nyingi sasa zinatumia utaratibu wa pamoja wa kuonyesha picha uitwao IIIF, ulioanza 2011, ambao hukata picha kubwa katika vipande vidogo na kukuletea vile tu unavyovikuza. Fungua karatasi moja, ikuze unapopahitaji, kisha uhifadhi picha ya karatasi hiyo peke yake. Kitabu kizima kinaweza kukumalizia bando la mwezi.

#8 Mseminari wa Zamani, Njombe

Ndugu Fundi, Arabe 2291 ni hati yenye thamani kubwa, ina tarehe inayolingana na mwaka 1356 na inahesabiwa kuwa karibu sana na mwandishi mwenyewe, lakini ina nusu ya pili ya safari, ile ya India na kuendelea. Kilwa imo katika nusu ya kwanza. Mwalimu akiifungua mbele ya wanafunzi atawaonyesha sultani wa Delhi badala ya sultani wa Kilwa. Atazame hati nyingine za safari hiyo katika namba za jirani, 2287 hadi 2290.

Kuhusu Rhapta, nilifundishwa Kigiriki seminarini na ninaweza kusaidia. Mwalimu, chora ubaoni herufi hizi: ραπτα. Kisha waambie wanafunzi kwamba mwandishi wa karne ya 10 hakuandika π kama tunavyoichapa leo. Aliiandika kama viduara viwili vilivyoshikana, vimefunikwa kwa mstari mmoja juu, hivi: ϖ. Herufi hiyo ndiyo itakayowaongoza. Tafuteni kwanza neno αζανιας, yaani Azania, jina alilolitumia mwandishi kwa pwani yetu, kwa kuwa Rhapta inatajwa papo hapo kama soko la mwisho la Azania. Wanaohariri maandishi haya huyagawa katika vifungu 66, na Rhapta ni kifungu cha 16. Ukipiga hesabu ya karatasi 15, utaikuta mnapokaribia kumaliza robo ya kwanza. Mwandishi anasema mji ulipata jina kutokana na mashua zilizoshonwa, na anataja pembe za ndovu na magamba ya kasa.

#9 Mkutubi Mstaafu

Nimekubali kurekebishwa kuhusu tahajia, lakini si yote. Fundi ananiita mzee wa kadi, naye ni Mngoni wa Songea, kwa hiyo mimi Mhehe sishangai kwamba ananishambulia nikiwa nimepumzika. Utani ukae pembeni. Hata ukiandika Rhapta kwa tahajia zote saba, katalogi haitakujibu kama mkutubi hakuliandika neno hilo. Tahajia husaidia pale tu ambapo neno limo. Namba husaidia siku zote.

#10 Fundi wa Mwanjelwa

Mzee wangu, ninapokea utani wa Wahehe kwa mikono miwili, na Chabruma, chifu wetu wa Wangoni, angekuwepo angekujibu vizuri zaidi. Lakini namba unaipata wapi kama hujui hati ipo? Mtu hawezi kuanza na namba asiyoijua. Siku hizi kuna programu zinazojifunza kusoma mwandiko wa mkono, kama Transkribus. Unaipa kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzisoma, inajifunza mwandiko huo, kisha inaendelea na zilizobaki. Hati zote zikishapitishwa humo, Mwalimu ataandika Rhapta na ukurasa utafunguka. Hapo katalogi yenyewe ndiyo itakayotafuta namba.

#11 Mkutubi Mstaafu

Namba unaipata kwenye utangulizi wa kitabu kilichochapwa. Kila mhariri makini anataja mwanzoni hati alizozitumia, mji, maktaba na namba. Kwa hiyo anza na kitabu cha kawaida, soma zile kurasa ambazo kila mtu huziruka, chukua namba, kisha nenda mtandaoni. Kwa hati za Kiarabu na Kiajemi zilizoko Uingereza, pitia pia katalogi ya pamoja inayoitwa Fihrist, ambayo inakusanya maktaba nyingi mahali pamoja.

#12 Mseminari wa Zamani, Njombe

Naongeza mlango ambao watu wa huku wangepaswa kuufahamu zaidi. Wabenediktini, ambao sisi tunawajua kwa Peramiho na Uwemba, na ambao mwaka 1896 ndio walioanzisha misheni ya Tosamaganga kabla ya Wakonsolata, wana ndugu zao huko Collegeville, Minnesota, Marekani. Watawa hao walianzisha mwaka 1965 kazi ya kupiga picha hati za nyumba za kitawa za Austria, kwa kuogopa vita vingine visije vikaziteketeza. Kazi hiyo ikaenea hadi Ethiopia kuanzia miaka ya 1970, baadaye Mashariki ya Kati na Timbuktu. Mkusanyo wao unaitwa HMML, yaani Hill Museum & Manuscript Library. Hati nyingi zinaonekana baada tu ya kujiandikisha, na kujiandikisha ni bure. Huenda Mwalimu alifika mlangoni akaona maelezo bila picha, akadhani picha hazipo.

Mimi mwenyewe nilipoteza miezi kwa sababu hiyo. Nilikuwa nikitafuta Injili za Kigeez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia, kwa ajili ya somo la parokia, nikaona maelezo matupu, nikaondoka na huzuni. Kijana mmoja wa Mafinga ndiye aliyeniambia nibofye mahali pa kujiandikisha.

#13 Jirani wa Kalenga

Nimeusoma uzi wote na ninarudi kwenye neno la kwanza la Mwalimu, la vyetu kuachwa gizani, kwa sababu naona limepitwa haraka. Sisi wa Iringa tunakifahamu kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, kile kilichoitaka Ujerumani ilirejeshe fuvu la Mtwa Mkwawa. Wengi hawajui kwamba kifungu hicho hicho kinaanza kwa kuitaka Ujerumani irejeshe Msahafu wa Khalifa Uthman. Kifungu kinachofuata, cha 247, kinaitaka iipe Maktaba ya Louvain ya Ubelgiji hati za mkono na vitabu vya kale badala ya vile vilivyoungua wakati wa vita. Yaani fuvu la babu yetu na hati za mkono viliwekwa meza moja, katika orodha moja ya vitu vya kurejeshwa. Louvain ilitengewa miezi mitatu. Fuvu lilitengewa miezi sita, nalo lilifika Kalenga Juni 1954.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba picha mtandaoni zimemaliza suala la nani anamiliki nini, sikubaliani. Picha ni msaada mkubwa, ninazitumia na ninashukuru. Lakini maelezo ya hati huandikwa na mwenye kabati, na mwenye kabati huandika anachokiona kuwa muhimu. Hata maelezo ya Mzee Mkutubi, kwamba neno Rhapta halikumhusu yule mkutubi wa Heidelberg, yanasema jambo hilo hilo kwa upole zaidi.

#14 Mkutubi Mstaafu

Mtani, hoja yako nimeielewa na ina uzito. Ninasimama tu pale pa kusema kwamba hawakuficha kwa makusudi. Mkutubi mwenye vitabu 800 vya kuandikia maelezo hawezi kutaja kila mji ulioandikwa ndani.

#15 Jirani wa Kalenga

Miji ya kwao waliitaja.

#16 Mwalimu wa Uyole

Wakuu, ninaleta taarifa. Ijumaa, kipindi cha mwisho, niliazima projekta kwa mwalimu wa Fizikia, tukafunika madirisha kwa makoti ya wanafunzi, kwa kuwa baridi ya juzi ilimfanya kila mtu aje na koti. Nilichora ubaoni ραπτα na ile ϖ ya viduara viwili kama nilivyoelekezwa kwenye #8. Nikafungua Cod. Pal. graec. 398, karatasi ya 40, uso wa nyuma, tukaanza kusonga polepole ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa dakika ishirini hakuna aliyeona kitu. Herufi zimeshikana, maneno hayana nafasi tulizozizoea, na kila baada ya mistari michache mtu alipiga kelele akionyesha kitu ambacho hakikuwa chenyewe. Kisha yule msichana wa dawati la nyuma akatoka mahali pake, akasimama karibu kabisa na ukuta hadi kivuli chake kikaangukia ukurasa, akaweka kidole kwenye viduara viwili na kusema, "Mwalimu, hii hapa, na kabla yake kuna ile Azania." Nikakuza picha. Lilikuwa lenyewe. Kwa kitambo darasa zima lilinyamaza, halafu wakaanza wote kusogea mbele kutazama.

Mmoja aliniuliza kama aliyeandika ukurasa ule alipata kufika Rhapta. Nilimweleza kwamba huyu ni mnakili wa karne ya 10, na mwandishi wa kwanza aliishi karibu miaka 900 kabla yake. Mwingine akauliza mbona basi hakuna hati kama hiyo iliyoandikwa na watu wa hapa wenyewe, kwa Kiswahili, katika Zama za Kati. Hapo sikuwa na jibu la kuniridhisha. Ninaliweka hapa.

#17 Mzaliwa wa Kilwa, mkazi wa Makambako

Jibu langu ni unyevu na mchwa. Marehemu babu yangu alikuwa na sanduku la karatasi za Kiarabu, nasi wajukuu tulipolifungua tulikuta karatasi zimeliwa katikati zikabaki kingo tu, kama fremu ya picha isiyo na picha. Huko Mbeya na Njombe karatasi hudumu. Pwani, bila mtu wa kuzinakili upya kila baada ya vizazi viwili, hazidumu. Kilichobaki ni kilichochongwa kwenye mawe ya matumbawe, kama maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

#18 Mto Lukosi

Mimi ninaona vita kuliko mchwa. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliipora Kilwa, kisha wakaiteketeza Mombasa.

#19 Binti Makete

Wote mnachukulia kwamba hati zilikuwepo zikapotea. Inawezekana pia kwamba mashairi na habari za ukoo zilihifadhiwa kichwani na kwa midomo, na kwamba Kiarabu ndicho kilichotumiwa kuandikia. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua za zamani zaidi tulizonazo ni zile zilizohifadhiwa Goa, India, za mwaka 1711 na miaka iliyofuata, na utenzi wa Herekali una tarehe ya Pate inayolingana na 1728, nakala yake ikiwa Hamburg. Hizo zote ziko mbali na Zama za Kati. Kwa wanaotaka kutazama hati za pwani mtandaoni, hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Namba ya mradi ni EAP466. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyo wa hati za Kiswahili uliokusanywa na J. W. T. Allen.

#20 Mzaliwa wa Kilwa, mkazi wa Makambako

Dada, sikatai masimulizi ya mdomo, lakini sanduku la babu halikuwa mdomo.

#21 Fundi wa Mwanjelwa

Naongeza moja kwa Mwalimu, kwa kuwa amepata ladha. Maktaba ya Bodleian, Oxford, ilinunua mwaka 2002 hati ya Kiarabu yenye namba MS. Arab. c. 90, Kitab Ghara'ib al-funun, iliyotungwa Misri karne ya 11, na nakala hii ni ya karibu mwaka 1200. Ndani yake kuna ramani ya Bahari ya Hindi iliyochorwa kama yai, na miongoni mwa visiwa vyake kimeandikwa kimoja kinachosomwa Unjuwa, yaani Unguja. Wanafunzi wanaosoma herufi za Kiarabu wanaweza kukitafuta wenyewe. Safari hii Mzee asiseme sikutaja namba.

#22 Mkutubi Mstaafu

Umeitaja, na umeiandika na nukta zake. Ndaga fijo, yaani asante sana, kama wanavyosema jirani zenu wa Tukuyu.

#23 Mwalimu wa Uyole

Nimeifungua sasa hivi. Wanafunzi wawili wangu waliopita madrasa nimewapa kazi ya kuitafuta Unjuwa wikendi hii kwa simu ya mzazi mmoja, karatasi hiyo tu kama Fundi alivyoshauri. Jumatatu nitaleta majibu yao hapa, pamoja na karatasi waliyoipata, uso wa mbele au wa nyuma.